Namna ya kuangalia filme za Louis de Funès na familia yote, kuanzia kwa Jambier mpaka supu ya kabichi

Nianze na kosa langu mimi mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoleta flashi yenye filme za Louis de Funès, mchekeshaji wa Ufaransa, nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, nilifungua moja kwa moja Le Gendarme de Saint-Tropez, juu ndiyo ile kila mtu anaijua, nikakaa pale nasubiri watu wacheke. Nkambo, yaani bibi yangu, aliangalia dakika kama kumi hivi, akajifunga kitenge vizuri, akauliza: "Uyu muntu anakalipa juu ya nini? Nani alimukosea?" Nikaanza kumtafsiria maneno, maneno ya yule bwana yanakimbia kuliko mdomo wangu, watoto wananipigia kelele ninyamaze hawasikii, na mimi nikiwa bado nafafanua utani wa kwanza wenzangu kwenye tele wamefika utani wa tano. Halafu umeme ukakatika. Nkambo akaenda kulala na hakuna hata mmoja aliyeniambia pole.

Ilinichukua muda kuelewa niliharibu wapi. Ile filme ya jandarma (polisi wa kule Ufaransa) ni ya 1964, na 1964 Louis de Funès alikuwa amefikisha miaka 50. Tayari alikuwa na karibu miaka 20 ya kupita kwenye filme za wengine, dakika mbili hapa, dakika tatu pale, mara mlinda mlango, mara mhudumu wa baa, mara mtu tu anayeshuka ngazi. Zile hasira, yale macho, ile midomo inayopinda, alivipika polepole miaka yote hiyo. Sasa wewe ukimpeleka mgeni moja kwa moja kwenye chungu kinachochemka, hajaona kuni, hajaona moto ulivyowashwa, lazima atauliza huyu mtu anakalipa juu ya nini. Kwa hiyo nikapanga upya, jioni kama sita hivi, tukarudia, na safari hii nkambo ndiye alikuwa anatuuliza lini tunaendelea.

Naandika hapa namna nilivyofanya. Nitajaribu Kiswahili cha kueleweka hata na ndugu wa Kigoma na Mombasa, ila nkambo akiongea nitamuacha aongee cha kwake cha Lubumbashi, mtavumilia.

Ufunguo ni kapita

Kabla ya kuwasha chochote, waambie watu wako jambo moja tu: huyu bwana ni kapita. Hapa kwetu huna haja ya kueleza zaidi, wazee waliofanya kazi mgodini wanamjua kapita kuliko wanavyojua shairi lolote. Ni yule wa katikati. Juu yake kuna wakubwa, chini yake kuna watu wa koleo. Mkubwa akipita anainama mpaka kofia inataka kuanguka, mkubwa akigeuza mgongo tu kapita anageuka simba, na mkubwa akirudi ghafla amesahau kitu, ile sura inavyobadilika katikati ya kelele, hapo ndipo filme zote za Louis de Funès zilipo. Mavazi tu ndiyo yanabadilika. Akiwa jandarma Cruchot, juu yake kuna adjudant Gerber (yule mnene, anaitwa Michel Galabru) na chini yake kuna jandarma wengine anaowatesa. Akiwa Septime mwenye restoran, wateja wakubwa anawalamba kama asali, wahudumu anawasaga. Hata akicheza tajiri mwenye kiwanda, subiri kidogo, utaona kuna mtu anamuogopa, mara mke, mara waziri, mara mtu aliyeshika siri yake.

Nkambo ndiye alinipa kanuni ya kutafsiri, mimi niliichukua tu: "Hapana kunambia maneno yote. Unambie paka nani njo mukubwa, nani njo mudogo. Bingine nitaona mu sura." Yaani nimwambie tu nani mkubwa na nani mdogo, mengine ataona usoni.

Na ni kweli. Kwa kila filme mimi natumia sentensi tatu mwanzoni, huyu ni nani, anamuogopa nani, anamtesa nani, halafu nanyamaza. Katikati nikiona kitu kimebadilika, kwa mfano mdogo ameshika siri ya kapita, naongeza sentensi moja. Basi. Wale waliokulia na michezo ya Mufwankolo, mchekeshaji wetu wa Lubumbashi, kwenye redio na tele wanaijua hii kazi, ukishajua nani anajiona na nani anadanganywa, unaanza kucheka hata kabla mtu hajafungua mdomo.

Ukitaka kuwaonyesha wanaobisha ("lakini ni Kifaransa, hatutaelewa"), zima sauti kabisa dakika tano kwenye kipande chochote. Angalia mikono yake, angalia anavyopiga hewa, anavyoiga mtu mwingine kwa mgongo. Alikuwa mpiga piano kabla ya kuwa mcheza filme na unaona kabisa, mwili wake unahesabu.

Vitu vya kuandaa

Projekta ya kuazima na shuka jeupe kama unaweza, kama huwezi tele inatosha, watu waketi karibu. Bafle (spika) moja ndogo. Batri ya sola iliyojaa tangu mchana, usitegemee umeme, chagua hata saa ambayo kwenu huwa unakaa lakini batri iwe pembeni. Wakati wa mvua usifanye usiku wa mvua chini ya mabati, hutasikia kitu, ingawa kwa huyu bwana hasara ni ndogo kuliko kwa wengine. Mwezi wa 6 na wa 7 ukitaka kufanya nje kwenye parsele, baridi ya Lubumbashi siyo ya mchezo, washa mbabula (jiko la makaa) nje na watu wajifunike, ila ile mbabula usiingize ndani ya nyumba iliyofungwa, moshi wa makaa unaua watu kila mwaka. Siku ambayo Mazembe, timu yetu ya mpira, wanacheza acha kabisa, utabaki wewe na nkambo.

Kitu kingine, kijana anayekupakia filme mjini mwambie mufungue kila moja pale pale kabla hujalipa. Louis de Funès alipendwa sana Ujerumani na kule Umoja wa Kisovieti pia, kwa hiyo zinazunguka nyingi zilizowekewa sauti za Kijerumani au Kirusi. Mimi nilifika nyumbani na filme yake Oscar ya Kirusi. Tuliiangalia hivyo hivyo na tulicheka, lakini sauti yake mwenyewe ni nusu ya utamu, ile ya kunung'unika kama injini iliyokosa mafuta, hakuna Mrusi anayeweza kuitoa.

Jioni ya kwanza, kumwinda

Hii ndiyo jioni muhimu na ndiyo ambayo watu wanaruka. Anza kwa kusimulia, bila picha, watu wakiwa bado wanakula. Alizaliwa tarehe 31/7/1914 Courbevoie, pembeni ya Paris, wazazi wametoka Hispania. Baba alikuwa mwanasheria kwao, Ufaransa akajikuta kwenye kazi ya almasi. Mama, Leonor, alikuwa na hasira za haraka, na mtoto mwenyewe akiwa mzee alikuwa anasema mama ndiye mwalimu wake wa kwanza wa komedi. Nkambo aliposikia hiyo alitikisa kichwa, "Aah, kumbe ni ya mama," na swali lake la hasira likapata nusu ya jibu.

Shule haikuenda mbali, akajaribu kazi ya kushona ngozi za manyoya, akajaribu nyingine na nyingine, anafukuzwa. Wakati wa vita ya Wajerumani anapiga piano usiku kwenye mabaa ya Paris. 1943 anamuoa Jeanne, na huyo Jeanne atakaa naye mpaka mwisho na kumsimamia mambo ya kazi. Filme ya kwanza inatengenezwa 1945, La Tentation de Barbizon, yeye ni mlinda mlango, anaonekana sekunde chache anasema sentensi, kwisha. Kutoka hapo mpaka mwisho wa maisha yake ni filme zaidi ya 140, na sehemu kubwa ya hizo ni hizi za kupita tu.

Sasa mchezo. Ukipata filme yoyote ya Kifaransa ya miaka ya 1950 ambayo jina lake limeandikwa chini chini kwenye orodha, wape watoto kazi ya kumwinda: wa kwanza kuona yule mfupi mwenye upara anapita, anapata kitumbua. Wanaangalia kwa makini kuliko wanavyoangalia daftari. Na utaona kitu, hata akipewa dakika moja anaijaza, anaweka mkono, anaweka kikohozi, kama mtu aliyepewa kiwanja cha mita mbili na bado akajenga.

Halafu mwisho wa jioni weka La Traversée de Paris, ya 1956, ya Claude Autant-Lara. Ni nyeusi na nyeupe, watoto watalalamika dakika tano, wavumilie. Paris imeshikwa na Wajerumani, nyama inauzwa kwa magendo, na Bourvil na Jean Gabin wanapaswa kuvusha nguruwe aliyekatwakatwa, masanduku manne, usiku, kwa miguu, kutoka upande mmoja wa jiji mpaka mwingine. Louis de Funès ni mwenye nguruwe, Jambier, mwenye duka. Hayuko muda mrefu. Lakini kile kipande cha chini ya duka! Gabin, yule mkubwa mwenye mabega, anaangalia nyama imejaa, anaomba bei ya juu, Jambier anakataa, basi Gabin anaanza kupaza sauti, anaita jina lake na anwani yake, kila akiita sauti inapanda na bei inapanda nayo. Na Jambier anakuwa mdogo, mdogo, mdogo. Hapo nkambo hakuhitaji neno langu hata moja. "Anaogopa majirani basisikie! Lipa, weye, lipa!" Yeye aliuza samaki miaka mingi sokoni Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, siyo nchi), anajua mtu akikushika kwenye bei anakushikaje.

(Kuna na la pembeni. Binamu yangu aliyekulia Kigoma alikuwa hapo, na kila Gabin akipiga kelele "Jambier!" yeye anaanguka chini kwa kicheko, tukamuuliza nini, akatueleza kwa aibu kwamba kwao ukisikia hilo jina vibaya ni kama mtu anaambiwa ajambe. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna tena Louis de Funès, kuna Jambier, hata filme iwe gani. Mtaona mwishoni jina lilivyomrudia.)

Jioni ya pili, mwaka 1964

Sasa ndiyo unaweza kufungua ile ya jandarma. Mwambie kila mtu: mnamkumbuka Jambier? Wamempa kofia. Le Gendarme de Saint-Tropez ya Jean Girault ilitoka mwezi wa 9, 1964, na mwezi wa 11 mwaka huo huo ikatoka Fantômas ya André Hunebelle, ambayo nyota wake alipaswa kuwa Jean Marais, na uso mkubwa kwenye tangazo ni wake, lakini watu wakatoka sinema wanaongea juu ya komisa wa polisi Juve, yaani de Funès, yule mfupi anayepayuka. Miezi miwili tu, baada ya miaka 20 ya kulinda milango. Mimi hii hesabu naipenda sana na huwa nairudia mpaka watu wanachoka.

Za jandarma ziko 6, kutoka 1964 mpaka 1982. Usizipange mfululizo, nilijaribu, kufika ya tatu watu wote wanaangalia simu. Chukua ya kwanza, halafu ruka uchukue ya 1968, ile anayooa, juu humo anaingia Claude Gensac, mwanamke mrefu mtulivu aliyecheza mke wake mara nyingi mpaka Wafaransa wengine walidhani ni mke wake kweli. Kapita nyumbani naye ana mkubwa wake. Anamuita "ma biche", na wewe jiandae, wiki nzima watoto wataitana hivyo kwenye parsele.

Jioni ya tatu, na Bourvil

Hapa nyoosha miguu, hii ndiyo nyama yenyewe. Mwongozaji Gérard Oury aliwaweka pamoja Louis de Funès na Bourvil mara mbili, na kama flashi yako ina nafasi ya filme mbili tu duniani, weka hizi.

Le Corniaud, 1965. Mwanzo wake usiuzungumzie, waache waone. Bourvil anaondoka likizo na kigari chake kidogo, 2CV, amejaa furaha, gari kubwa la tajiri linamgonga, na 2CV haivunjiki kama magari yanavyovunjika, inatawanyika yote kwa mara moja, vipande chini, yeye amebaki ameshika usukani. Hapa Lubumbashi ambapo kila mtu amepanda teksi inayoshikwa na waya, hicho kipande kinachekwa kwa uchungu kidogo. Tajiri ni de Funès, anajifanya mwema, anamlipia safari mpaka Italia alete gari la Marekani, na gari limejaa dhahabu na dawa za kulevya bila mwenyewe kujua. Sentensi zako tatu: huyu ni mwizi, huyu hajui kitu, na gari ni sanduku. Kwisha.

La Grande Vadrouille, 1966. Hii Ufaransa iliuza tiketi zaidi ya milioni 17, na ilikaa zaidi ya miaka 40 ikiwa filme ya Kifaransa iliyoangaliwa na watu wengi zaidi kwenye sinema za kule, mpaka 2008 ndipo nyingine ikaipita. Ndege ya Waingereza imepigwa juu ya Paris wakati wa vita, wanaruka na parashuti, mmoja anatua kwenye jukwaa la mpaka rangi (Bourvil), mwingine anaangukia Opera ambako de Funès anaongoza orkestra. Hawa wawili hawajuani, hawafanani, sasa wanapaswa kukimbia pamoja kwenda upande ambao Wajerumani hawajaushika.

Ninachowaambia watu waangalie humu ni hiki. Mkubwa wa orkestra amezoea watu wanaotetemeka. Mpaka rangi hatetemeki na pia hagombani, anafanya tu anachoambiwa, anatoa hata viatu vyake akiombwa, kwa moyo mweupe kabisa. Kapita hajui afanye nini na mtu wa namna hiyo! Anajaribu kumkalipia, hasira inateleza. Kuna mahali anajikuta amekaa juu ya mabega ya Bourvil, na badala ya kushuka anakaa tu, wanaendelea na safari. Mjomba wangu, mtu asiyecheka kwa urahisi, alilia machozi kwa kile kipande cha hoteli ambapo namba ya mlango 6 inageuka 9 na mtu analala kitanda kimoja na ofisa wa Kijerumani anayekoroma. Hakuna neno hata moja la kutafsiri pale. Kukoroma ni lugha ya wote.

Simamisha hapo, usiweke filme ya tatu usiku huo. Ila kabla watu hawajatawanyika waambie Bourvil alikufa mwezi wa 9, 1970, ana miaka 53 tu, na Oury alikuwa na ya tatu tayari kwa ajili yao wawili, La Folie des grandeurs, ikabidi Yves Montand achukue nafasi, ikatoka 1971. Ni nzuri sana, lakini ukishajua hilo unaiangalia kwa namna nyingine, muda wote kuna mtu hayupo.

Za katikati, ukiwa na muda

Le Grand Restaurant (1966), mwanzo tu unatosha kukushika: mwenye restoran anavaa nywele za bandia na ndevu, anakaa kama mteja kuwapeleleza wafanyakazi wake mwenyewe. Kapita wa kapita. Oscar (1967), aliicheza kwanza jukwaani mamia ya mara kabla na baada ya filme, na kile kipande anachovuta pua yake mwenyewe ikawa ndefu ya hewani, waachie watoto. Hibernatus (1969), sawa tu, mimi siyo mpenzi wake. Kama watoto wamezoea mchezo wa kuwinda, wape mwingine: mtoto wake wa kweli, Olivier, yumo kwenye hizo tatu za miaka hiyo, Le Grand Restaurant, Les Grandes Vacances na Hibernatus. Baadaye aliacha filme akawa rubani wa ndege. Nkambo akasema huyo alikuwa na akili.

Jioni ya Rabbi Jacob, ongea kwanza

Hii usiiweke bila kuongea, hasa kama kuna watoto. Les Aventures de Rabbi Jacob, 1973, Oury tena. De Funès ni Victor Pivert, mwenye kiwanda, na dakika za mwanzo ndani ya gari anatoa maneno mabaya juu ya watu weusi, juu ya wageni, juu ya Wayahudi, na dereva wake Myahudi anamfukuza kazi alipokataa kufanya kazi Sabato ilipoanza. Mara ya kwanza chumbani kwetu palikuwa kimya kabisa, mtu mmoja akasema zima huyo. Ni haki yake. Kwa hiyo sasa nasema mapema: huyu leo ndiye mbaya, filme nzima ni adhabu yake. Gari lake linaanguka ziwani, anatumbukia kwenye pipa la chingamu ya kijani, anakimbizwa na wauaji, na kuokoka kwake kunapitia mlango mmoja tu, avae kama rabi na ajifanye rabi, katikati ya mtaa wa Wayahudi wa Paris, bega kwa bega na Mwarabu aliyejificha naye. Na lazima acheze ngoma yao. Ile ngoma aliifanyia mazoezi kweli, inaonekana, miguu yake ina furaha ambayo sura yake haijaikubali bado.

Ilitoka tarehe 18/10/1973, siku 12 tu baada ya vita ya Israeli na Waarabu kuanza. Mimi wakubwa huwa nawaambia hiyo mwishoni, siyo mwanzoni, halafu maongezi yanajiendesha yenyewe mpaka chai inapoa. Sisi hapa tunajua maneno ya "hawa siyo wa hapa" yanavyoanza kama utani wa ndani ya gari.

Baada ya moyo

1975 moyo ulimpiga, mara mbili kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka 60 na madaktari wakamkataza kazi za kukimbia kimbia. Kuna filme ambayo Oury alikuwa anaiandaa ikafa hapo. Watu wakadhani imeisha. Alirudi 1976 na L'Aile ou la cuisse ya Claude Zidi, na hapa mwambie kila mtu aangalie mwili: amekonda, haruki tena, kelele imepungua, kazi yote imehamia machoni na vidoleni. Kwa maoni yangu alikuwa bora zaidi hivyo, mjomba anakataa. Anacheza bwana anayeandika kitabu cha kuhukumu marestoran, mtoto wake ni Coluche ambaye kwa siri ni klauni, na adui ni Tricatel mwenye kiwanda cha chakula cha uongo, kuku wanatoka kwenye mashine. Mji huu wa kuku wa barafu hauhitaji maelezo. Mama alisimama katikati ya filme akaenda kuangalia friza.

L'Avare, 1980, yeye na Girault waliitengeneza pamoja, maneno ya Molière, mwandishi wa michezo ya jukwaani wa zamani, yale yale. Ilikuwa ndoto yake ya muda mrefu, nampa heshima, lakini bila Kifaransa ni nzito na nkambo alisinzia. Angalia peke yako. Mwaka huo huo wakampa César ya heshima, ile tuzo ya filme ya Ufaransa, na aliyemkabidhi alikuwa Jerry Lewis.

Malizia na La Soupe aux choux, 1981. Ukikosea jioni zote, hii usikose. Wazee wawili wa kijijini, majirani, hawana mtu, wanakunywa, wanakula supu ya kabichi, na usiku mmoja wamekaa nje wanajamba kwa mashindano, na sauti inafika mpaka sayari nyingine, kiumbe anashuka na sahani yake ya kuruka anafikiri ameitwa. Sasa mnaelewa binamu yangu wa Kigoma alivyofanya. Jambier! Jambier! Tulisimamisha filme robo saa nzima juu hakuna aliyekuwa anaweza kupumua. Lakini angalia pia kinachokuja baadaye, huyu mzee hana mtu wa kumkalipia tena, hana mkubwa, hana mdogo, kapita amestaafu, anagawa supu tu. Nkambo hakucheka sana sehemu hiyo. Alisema: "Sasa amepoa. Ni vizuri."

Ya mwisho kabisa ni Le Gendarme et les Gendarmettes, 1982. Girault alikufa wakiwa bado wanaitengeneza, msaidizi wake ndiye aliimaliza. Siyo filme nzuri, iweke kama unapenda kukamilisha. De Funès mwenyewe alikufa tarehe 27/1/1983 huko Nantes, miaka 68, wakamzika Le Cellier, karibu na nyumba yao kubwa ambako alikuwa analima maua ya waridi bila kuyawekea sumu.

Projekta ya watu irudishe asubuhi mapema kabla mwenyewe hajapiga simu, na batri uiweke juani. Na ukitafuta nafasi kwenye flashi, usifute ile ya nguruwe. Mimi niliifuta nikaweka mechi, Jumapili nkambo akaketi, akajifunga kitenge, akasema tuanze tena na Jambier, na ilibidi nipande teksi mpaka mjini.